Nduma Zilifika, Wenyewe Wako Wapi?

Mkazi wa Nairobi ukimtajia Wamaori, kwanza atakumbuka haka: wachezaji wa raga wamejipanga mstari, macho yamewatoka, ndimi nje, mapaja yanapigwa kwa viganja. Wapenzi wa mchezo huo wanaofurika uwanja wa RFUEA kando ya barabara ya Ngong huenda wanaijua haka kuliko wanavyozijua ngoma za majirani zao. Zaidi ya hapo habari hukatika, na wengi hudhani Wamaori wako New Zealand tangu dunia ilipoumbwa. La hasha. Visiwa vile, ambavyo wenyewe huviita Aotearoa, havikukaliwa na binadamu mpaka karne ya 13. Wakati huo Waislamu wa Shanga, kisiwani Pate, walikuwa wamesali katika misikiti yao kwa zaidi ya miaka 400. Wamaori walikuwa kundi la mwisho katika mwendo wa baharini ulioanza yapata miaka 5,000 iliyopita, na mwendo huo haukuelekea mashariki peke yake. Tawi lake moja lilikuja upande wetu.

Dalili za tawi hilo hazihitaji nauli ya ndege. Panda matatu katikati ya jiji, fuata Waiyaki Way, ushuke Kangemi na uingie sokoni asubuhi. Kuna mafungu ya nduma, nyingine bado zina tope la mtoni, na moja imekatwa katikati ili mnunuzi aone ndani: nyeupe, yenye vidoa vya zambarau. Karibu yake kuna ndizi za kupika za Kisii na Meru, bado ziko kwenye mikungu, miwa iliyoegemezwa ukutani, nazi kutoka Kilifi na rundo la viazi vitamu. Viazi vitamu vina kisa chake, nitavirudia. Lakini nduma, ndizi, muwa na mnazi vyote asili yake ni upande wa pili wa Bahari ya Hindi, katika nchi za joto kuanzia Bara Hindi na Malaya hadi New Guinea. Hakuna hata kimoja kilichoota Afrika chenyewe, na karibu vyote vimo katika shehena ambayo mababu wa Wamaori walikuwa wakiipakia kila walipohama kisiwa. Nani aliyevileta kwetu, na kama aliyevileta alikaa, ni suala ambalo wataalamu wamelivuta huku na huko kwa muda mrefu. Maoni yangu ni kwamba mvutano huo umechochewa na kosa moja: kudhani kwamba mimea, ustadi wa vyombo na watu wenyewe lazima visafiri katika chombo kimoja.

Wanaisimu huwaita watu hawa Waaustronesia, jina la ukoo wa lugha zaidi ya 1,200 zinazosemwa kuanzia Madagaska hadi Rapa Nui, kisiwa kilicho karibu na Chile kuliko na Asia. Ukoo huo ni wa kweli, si wa kubahatisha. Tano ni rima kwa Mmaori, lima kwa Mmalaya na dimy kwa Mmalagasi. Mbingu ni rangi, langit na lanitra. Maneno ya namna hiyo yapo kwa mamia, na tofauti zake hufuata kanuni za sauti zinazotabirika. Wataalamu wengi hukubali kwamba chimbuko ni Taiwan, kwamba watu waliteremka Ufilipino yapata miaka 4,000 iliyopita, kisha wakasambaa. Waliokwenda mashariki waliacha nyuma yao vigae vya vyungu vyenye mapambo ya vitone, viitwavyo Lapita, mpaka Tonga na Samoa, walikofika karibu miaka 2,800 iliyopita. Hapo walitua zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kuivamia bahari kuu ya mashariki. Karne chache baadaye hakukuwa tena na kisiwa chochote cha maana katika Pasifiki ambacho hawakukiona.

Aotearoa kilikuwa cha mwisho, na ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Kutoka Visiwa vya Society, ilimo Tahiti, ni kilomita 4,000 hivi, na hali ya hewa mwisho wa safari si ile iliyozoeleka. Mnazi haukuota. Ndizi haikuota. Mshelisheli haukuota. Nduma ilikubali katika maeneo ya joto ya kaskazini tu, na zao lililowaokoa likawa kiazi kitamu, kumara. Walikuja na mbwa na panya. Panya ndiye aliyewapa watafiti tarehe: mbegu zenye alama za meno yake zilipopimwa umri kwa kaboni, hakuna iliyovuka mwaka 1280 hivi kurudi nyuma, na panya yule hakuwa na njia ya kufika huko bila chombo cha binadamu. Huko Wairau Bar, kwenye kisiwa cha kusini, kulichimbuliwa makaburi ya kizazi cha kwanza pamoja na mifupa ya moa, ndege wasioruka ambao baadhi yao walimzidi mtu kimo mara mbili wanyooshapo shingo. Katika muda usiofika miaka 200, moa wote walikuwa wameliwa.

Madagaska ilikuwa na ndege wake wa jinsi hiyo, mzito hata kumshinda moa, naye akatoweka miaka 1,000 hivi iliyopita watu walipokuwa wakiongezeka kisiwani. Mwaka 2014 watafiti wa DNA walitangaza jambo ambalo bado hunifurahisha: ndugu wa karibu zaidi wa ndege huyo wa Madagaska aliye hai leo ni kiwi, yule mdogo wa New Zealand.

Safari zenyewe zilifanywaje? Hapa Pasifiki ina kesi ambayo imekwishaamuliwa, na uamuzi wake unatufaa. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwei alielea kwa jahazi la magogo, Kon-Tiki, kutoka Peru hadi visiwa vya Tuamotu, akidai kwamba Wapolinesia walitoka Amerika. Mwaka 1956 Andrew Sharp akaandika kwamba safari za mbali zilikuwa ajali tu: wavuvi walipotezwa na dhoruba, wakatupwa ufukweni mwa kisiwa kipya. Hoja ya Sharp ilivunjwa mara mbili. Kwanza kwa kompyuta: mwaka 1973 Levison, Ward na Webb walichapisha hesabu za maelfu ya safari za kubuni, wakaona kwamba chombo kinachopeperushwa tu karibu hakina njia ya kufika Hawaii, New Zealand au Rapa Nui. Pili kwa bahari yenyewe. Mwaka 1976 chombo cha mitumbwi pacha, Hokule'a, kilitoka Hawaii kikafika Tahiti kikiongozwa na Mau Piailug, mwanamaji wa kisiwa cha Satawal, asiye na dira wala ramani, ila nyota, mawimbi na ndege wa baharini. Mwaka 1985 Hokule'a ikafika Aotearoa.

Kuna jambo la pepo ambalo watu wa Pwani watalielewa upesi kuliko sisi wa bara. Katika Pasifiki pepo za kawaida huvuma kutoka mashariki. Aendaye mashariki kutafuta kisiwa hupambana na upepo, lakini asipokipata hugeuza tanga na upepo humrudisha nyumbani. Geoffrey Irwin alionyesha mwaka 1992 kwamba ugumu huu ulikuwa salama yao: walitafuta wakiwa na njia ya kurudi. Bahari ya Hindi, kusini ya ikweta, ni kinyume. Kutoka Java au Sumatra pepo za kusini-mashariki na mkondo wa bahari hukusukuma magharibi, moja kwa moja hadi Madagaska, zaidi ya kilomita 6,000. Kuja ni rahisi. Kurudi kwa njia ile ile ni karibu na muhali. Inabidi upande kaskazini, uingie katika zamu ya kusi na kaskazi inayojulikana na majahazi ya Waarabu na Wahindi.

Bahari yenyewe imetupa majaribio bila kuombwa. Volkano ya Krakatau ilipolipuka 1883, mawe yake mepesi yaeleayo yalifika fukwe za Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Ndege ya Malaysia, MH370, ilipotea tarehe 8 Machi 2014. Julai 2015 kipande cha bawa lake kikaokotwa Réunion, na Juni 2016 kipande kingine kikapatikana Pemba. Njia ya kuelea ipo, basi, wala haina haja ya kubishaniwa. Ila kipande cha bawa hakihitaji maji ya kunywa. Chipukizi la mgomba hukauka, nduma huoza kwa maji ya chumvi, na kundi la watu haliwezi kuzaliana bila wanawake. Nazi inaweza kuelea na ikaota. Hivyo vingine lazima mtu avibebe, avifunike, avinyunyizie maji matamu ambayo yeye mwenyewe anayahitaji.

Kabla ya kufika Madagaska yafaa tupitie mapokeo, maana hapo Wamaori na Waswahili wanakutana kwa namna ya ajabu. Kila kabila la Kimaori hutaja chombo kilicholeta mababu zake kutoka Hawaiki, nchi yao ya asili: Tainui, Te Arawa, Mataatua, Aotea, Takitimu, Kurahaupo, Tokomaru. Percy Smith, mpima ardhi wa kizungu aliyekusanya nasaba hizo, alizipatanisha kwa nguvu, akapata jeshi moja la vyombo saba lililofika kwa pamoja mwaka 1350. Watoto wa New Zealand walifundishwa hivyo shuleni kwa miongo mingi. Mwaka 1976 David Simmons alirudi kwenye kumbukumbu za wazee zenyewe na kuonyesha kwamba jeshi hilo lilikuwa kazi ya mhariri. Wazee hawakusema vyombo vilifika pamoja, wala hawakutaja mwaka.

Sasa tuangalie kwetu. Tarikh ya Kilwa inasimulia sultani wa Shirazi na wanawe waliotoka Uajemi kwa majahazi saba, moja likaishia Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Nzwani huko Komoro. Saba tena. Wazungu wa kwanza kuisoma waliikubali neno kwa neno, wakahitimisha kwamba miji ya Pwani ilijengwa na wageni. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na Manda, na aliyeiongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki ambayo makao yake yako Kileleshwa, hakuwa mbali sana na fikra hiyo. Manda kwake ilikuwa mji wa wahamiaji kutoka Ghuba. Kisha Mark Horton akachimba Shanga katika miaka ya 1980 na kukuta vibanda vya miti na udongo chini ya nyumba za mawe, na chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo, tabaka kwa tabaka, bila pengo lolote la kuwaingiza wajenzi wapya. Ikawa zamu ya upande wa pili kuzidisha: Washirazi wakageuzwa hadithi tupu, majivuno ya watu waliotaka mababu wa ng'ambo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, kazi iliyofanywa pamoja na Chapurukha Kusimba wa Kenya. Upande wa akina mama, nasaba karibu yote ni ya Kiafrika. Upande wa akina baba, sehemu kubwa ni ya Kiajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo Waajemi walikuwepo, wakaoa, wakaswahilika. Majahazi saba ni utunzi. Safari si utunzi. Wamaori wamepata hukumu ile ile: jeshi la 1350 limekufa, lakini Hawaiki na vyombo vilivyotoka huko vimethibitishwa na panya, na makaburi, na lugha.

Katika nasaba zile za Pwani kulikuwa na Uajemi, na kiasi kidogo cha India. Waaustronesia hawakuonekana kwa kiasi cha kutajika. Lazima tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu kuna vitabu vya zamani vilivyowaona Waindonesia kila kona ya Afrika. A. M. Jones, mwaka 1964, alijaribu kuonyesha kutokana na jinsi marimba za Afrika zinavyopangwa sauti kwamba Waindonesia walikwisha kutawala hadi Afrika ya Magharibi. Wataalamu wengi wa muziki wameikataa hoja hiyo, na mimi naona sababu yao ni nzuri: vipande vya mti vilivyopangwa kwa urefu vinaweza kubuniwa na yeyote mwenye mti, kisu na sikio.

Madagaska, au Bukini kama walivyoiita wazee wetu, ndiko ushahidi wote unakokutana. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl wa Norwei alionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa Kimalagasi ni Kimaanyan, lugha ya bonde la mto Barito, kusini mwa Borneo. Ushahidi huo haujatikiswa tangu hapo, ila umezaa kitendawili. Wamaanyan ni watu wa mtoni, wakulima wa bara, si mabaharia. Nani basi aliyeshika usukani? Alexander Adelaar amejibu kwa kuangalia maneno ya mkopo. Kimalagasi kimejaa maneno ya Kimalaya, hasa ya bahari na pepo, pamoja na ya Kijava na ya Kisanskriti yaliyopitia huko huko. Maana yake watu waliondoka Borneo baada ya utamaduni wa Kihindi kufika visiwani, na waliondoka chini ya manahodha wa Kimalaya, zama ambazo dola ya Srivijaya ya Sumatra, iliyoinuka karne ya 7, ilikuwa ikishika njia za biashara. Mababu wa Wamalagasi, kwa maoni haya, walikuja kama mabaharia wa kawaida na vibarua, katika vyombo vya watu wengine. Mmaori alikuwa nahodha wa safari yake mwenyewe.

Idadi yao haikuwa kubwa. Mwaka 2012 Murray Cox na wenzake walikadiria, kwa DNA ya upande wa mama, kwamba kundi lililoanzisha ukoo huo lilikuwa na wanawake wapatao 30, yapata miaka 1,200 iliyopita. Miongoni mwa Wamalagasi wa leo kuna alama ya vinasaba ambayo ni tawi la ile inayowatambulisha Wapolinesia. Mwanamke wa nyanda za juu za Antananarivo na mwanamke wa Rotorua wanaweza kuwa na bibi mmoja wa kale.

Lakini Bukini si Indonesia iliyohamishwa. Zaidi ya nusu ya nasaba ya Wamalagasi ni ya Kiafrika, na ukitaka kujua waliochanganyika nao walikuwa watu gani, sikiliza wanavyowaita mifugo. Ng'ombe ni omby. Kuku ni akoho, mbwa ni amboa, kanga ni akanga. Mpunga, nyumba na mtumbwi vina majina ya Borneo. Zizi na uwanja wa kuku vina majina ya ndugu wa Kiswahili. Mtu hakopi jina la mbwa kwa mpita njia. Watu hawa walifuga pamoja na kulea pamoja.

Makutano hayo huenda yalianzia Komoro. Alison Crowther na wenzake walipochapisha mwaka 2016 mabaki ya mazao yaliyochekechwa kutoka udongo wa vijiji vya kale, picha ilijigawa yenyewe. Bara na visiwa vya jirani, karne ya 8 hadi ya 10, watu walikula mtama, uwele na mabuyu, vyakula vya Afrika. Komoro na Madagaska, wakati huo huo, kulikuwa na mpunga, choroko na pamba. Pemba, mpunga ulishinda uwele baadaye tu, kuanzia karne ya 11. Miaka miwili baadaye utafiti wa vinasaba ukaja na jibu linalolingana: nasaba ya Kiaustronesia iko Komoro, tena ilifika mapema, karne ya 8 hivi, labda kabla ya Madagaska. Kwa hiyo mpaka wa walikokaa Waaustronesia unaweza kuuchora kwenye ramani ukitumia punje za mchele ulioungua. Unapita baharini, kati ya Komoro na bara.

Bara walipajua vizuri. Buzurg bin Shahriyar, mkusanyaji wa visa vya manahodha katika karne ya 10, anaeleza kwamba mwaka 945 watu wa Waqwaq, wanaodhaniwa kuwa Waaustronesia, walikuja na vyombo vipatavyo 1,000 kuishambulia Qanbalu, mji ambao wengi huuweka Pemba. Walipoulizwa wanatafuta nini, walijibu: pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watumwa wa Zanj, yaani Pwani yetu. Safari yao ilikuwa imechukua mwaka mzima. Vyombo 1,000 ni chumvi ya baharia, lakini orodha ya bidhaa ni ya mtu aliyeijua Pwani. Karne ya 12 al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Zabaj, ndio visiwa vya Indonesia, huja kufanya biashara nchi ya Zanj na kwamba wanaelewana lugha. Hapo hakuna tena vita. Kuna mnunuzi na muuzaji.

Sasa linganisha. Aotearoa haikuwa na mtu, basi Wamaori walikaa. Madagaska, ikiwa ilikuwa na watu, walikuwa wawindaji wachache ambao ushahidi wao bado unabishaniwa. Komoro nayo ilikuwa na nafasi. Lakini kutoka Lamu hadi Kilwa, kufikia karne ya 8, kulikuwa na vijiji vya wakulima, wavuvi na wafua chuma, waliojua bei ya pembe. Mgeni huko alipokewa kama mgeni: auze, anunue, angoje upepo, aondoke; na akitaka kubaki aoe, watoto wake wasemao Kiswahili wawe Waswahili. Waajemi walibaki kwa njia hiyo. Waaustronesia walikuwa na kisiwa kizima kusini, hawakuwa na sababu ya kusukumana.

Walichoacha Pwani ni ngalawa. Mtumbwi wenye magogo mawili ya pembeni kuuzuia usipinduke hauko Uarabuni wala Uajemi. Uko Indonesia, uko Komoro na kaskazini mwa Madagaska, na uko kwetu, kuanzia Msambweni na Shimoni kwenda kusini. James Hornell, aliyezichunguza ngalawa katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, aliona humo mkono wa Indonesia, na sioni aliyempinga kwa hoja nzito. Mnazi nao umetoa ushahidi: uchunguzi wa vinasaba vya minazi uliochapishwa 2011 uligawa minazi ya dunia katika koo mbili, wa Pasifiki na wa Bahari ya Hindi, na ukakuta damu ya Pasifiki imechanganyika na ya huku Madagaska, Komoro na Pwani ya Afrika Mashariki. Nazi zinazouzwa kwa mkokoteni katikati ya Nairobi zina babu wa mashariki ya mbali, hata kama muuzaji ni Mgiriama.

Kiazi kitamu nilichokiacha Kangemi kinageuza mambo juu chini. Asili yake ni Amerika. Wapolinesia walikuwa nacho kabla ya Columbus, huenda kwa sababu walifika Amerika ya Kusini, wakakichukua, wakarudi. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2020 unaweka makutano hayo karibu mwaka 1200. Heyerdahl alikosea kuhusu asili ya Wapolinesia lakini hakukosea kwamba pande mbili zilikutana. Ila huenda waliosafiri ni wale aliodhani walifikiwa. Sisi tulikipata kiazi hicho hicho baadaye, kwa njia ya Atlantiki, kwa mkono wa Wareno kama inavyokubaliwa kwa jumla. Mmaori alikuwa akila kumara wake kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi.

Imebaki ndizi, na ndizi ndiyo inayoharibu hadithi nyepesi. Haina mbegu, huendelea kwa chipukizi tu. Huko Nkang, Kameruni, watafiti walipata chembe za silika za mgomba zenye umri wa miaka 2,500 hivi, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wanawake wale 30 wa Bukini. Kutoka Munsa, Uganda, zimetangazwa chembe za kale mara mbili ya hizo, ingawa tarehe hiyo imepingwa vikali. Hata tukiitupa Munsa, mgomba uliingia Afrika kabla ya Kimalagasi kuwapo. Wabebaji wake hawakuwa mababu wa Wamalagasi. Walikuwa wasafiri wa kabla yao, waliopita bila kuacha kijiji, kigae wala jina.

Wengi huona pengo hilo kama udhaifu: wanataka koloni, wanataka bandari ya Waindonesia ichimbuliwe Lamu au Rufiji ndipo wasadiki. Mgomba wenyewe unasema haikuhitajika. Mwaka 2016 Mercy Kitavi na wenzake walionyesha kwamba ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zile za matoke, kwa vinasaba karibu ni mmea mmoja. Zote zimetokana na chipukizi la shina moja. Aina zaidi ya 80 zinazotambuliwa Uganda, za kupika, za pombe, fupi, ndefu, zenye shina jeusi, hazikuletwa na jahazi lolote. Ni mabadiliko madogo yaliyotokea shambani, mkulima wa Maziwa Makuu akayaona, akayatenga, akayapa jina na kumpa jirani. Chombo kimoja, siku moja, na mtu mmoja aliyekubali chipukizi kutoka mkononi mwa mgeni: hicho ndicho kiasi cha chini kabisa ambacho vinasaba vinadai. Safari iliyobaki, kutoka Pwani hadi kando ya Ziwa Victoria, ilikuwa ya miguu, na waliotembea walikuwa Waafrika.